Maji ya kijijini: enzi za halmashauri na sasa RUWASA

Zamani hapa Tanzania injinia wa maji wa wilaya alikuwa chini ya mkurugenzi wa halmashauri, uzuri wake diwani wako unamjua, ukimbana yeye mkutanoni lazima ajibu, ila hela ya maji inagombaniwa na barabara na madarasa, pampu ikifa mnasubiri bajeti we acha tu. Tangu 2019 kuna RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, chini ya Wizara ya Maji, na skimu, yaani mradi wa maji wa kijiji, inaendeshwa na chombo cha jamii cha kutoa huduma ya maji (CBWSO), mnalipia kwa ndoo au mita. Mi naona hii afadhali, hela ya maji inabaki kwenye maji. Shida vijiji vidogo, makusanyo hayafiki bei ya pampu mpya. Majitaka ndo mifumo yote miwili imeyaacha nyuma, watu wengi bado wanategemea vyoo vya shimo, inaniuma sana.