Chumba cha tiba ya wazamiaji Matemwe: maoni ya mke wa mzamia majongoo ya bahari

Nawaandikia hasa wake na mama wa wazamia majongoo wa Unguja na Pemba, maana sisi ndio tunaowapokea wakirudi. Mtu wako aliyezamia na mtungi wa hewa akisema anaona viwili viwili, au upande mmoja umeingia giza, usikimbilie miwani. Mpeleke chumba cha mgandamizo, yaani chumba cha tiba chenye shinikizo kubwa la hewa, kilichopo Matemwe, Unguja. Mimi nilimpeleka mume wangu na huduma yao nimeiridhia.

Zahanati tuliyoanzia walimpa dawa ya matone, wakasema ni maji ya chumvi. Macho hayakuwa mekundu wala hayakumuuma! Matemwe daktari aliuliza kwanza alizama kina gani, alikaa muda gani, alipanda vipi. Akamtembeza juu ya mstari, kisigino kwa kidole, kisha akamwambia afumbe macho aguse pua. Akanigeukia: "Dada, jicho lenyewe zima. Akipanda haraka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kama mapovu. Yakifika kwenye ubongo au neva, kuona kunavurugika. Tone halifiki huko."

Chumba ni kama pipa kubwa la chuma lenye vidirisha. Mhudumu aliingia naye, na hilo lilinituliza sana. Shinikizo lilipandishwa hadi sawa na kina cha mita 18, akawa anapumua oksijeni tupu kwa barakoa dakika 20, kisha hewa ya kawaida dakika 5, tena na tena, kwa kuwa oksijeni mfululizo kwenye shinikizo hilo yaweza kuleta degedege. Baadaye wakamshusha taratibu hadi shinikizo la mita 9. Ratiba hiyo kamili huchukua saa 4 na dakika 45. Kabla haijaisha nilimwonyesha vidole viwili dirishani, naye akanijibu kwa viwili.

Kesho yake walimrudisha ndani, ukungu ulikuwa haujaisha wote. Walitueleza pia kwamba anayeingia mara nyingi huweza kuona mbali kwa shida kwa wiki kadhaa, kisha macho hurudi kawaida, kwa hiyo asiharakie kupima miwani.

Njiani kwenda Matemwe mlazeni mgonjwa chali, apewe oksijeni mapema kama ipo, na asipandishwe ndege kwenda Dar. Tiba hii ni ghali popote ilipo. Waulizeni matajiri wa vyombo kabla ya kwenda baharini: oksijeni mnayo chomboni, na mtu akiumia nani analipa?