Nta ya Collinite 845 kwenye Mark X nyeusi inayolala nje Kigamboni: uzoefu wangu

Mwenye haraka aondoke na hili: kama gari lako linalala nje na unakaa karibu na bahari, Collinite 845 inafaa kununuliwa. Ila kabla ya chupa hiyo, nunua ndoo ya pili. Nasema hivyo nikiwa na Mark X nyeusi, ile nyeusi ambayo Toyota huiandika 202 kwenye kibati cha utambulisho. Aliyewahi kuwa na gari la rangi hiyo anajua inavyochubuka upesi. Ukiipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu leo, kesho juani unaona mistari.

Mimi nakaa Kigamboni, Dar es Salaam. Upepo unaleta chumvi, barabara za mitaani zinaleta mchanga, na kunguru wanaleta ya kwao. Gari nililinunua kwa mtu, na boneti ilikuwa imejaa mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui, alama za miaka ya dodoki na sabuni ya unga. Fundi rangi alilipiga polishi kwa mashine likarudi jeusi kabisa. Siku hiyo alinieleza jambo lililonibadilisha: klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, kwenye gari la kiwandani huwa na unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Polishi inafuta mikwaruzo kwa kuila klia yenyewe, kwa hiyo huwezi kuipiga kila mwaka na ukategemea rangi ibaki. Tangu hapo gari naliosha mwenyewe, uani.

Kwenye kuosha, shampuu ninayotumia ni Meguiar's Gold Class. Kipimo chake ni mililita 30 kwa lita 4 za maji. Ndoo niliyoitia lita 12 inataka vijiko sita vya chakula. Inatoa povu zito, inateleza, na haiondoi nta iliyopakwa. Huo utelezi ndio ninaoulipia. Sabuni ya unga imetengenezwa kukata mafuta kwenye nguo, na haichagui: itakata na nta uliyohangaika kuipaka. Ya vyombo ni hivyo hivyo. Ikiwa huna mpango wa kuacha sabuni ya unga, usinunue nta ya aina yoyote, utakuwa unamwaga hela.

Ndoo mbili ni hivi: moja ina shampuu, nyingine ina maji matupu. Kwanza napiga maji kwa mpira kuanzia paani kushuka chini, bila kugusa gari kwa mkono, mpaka mchanga uliolala juu uondoke. Hapa natulia sana, kwa sababu mchanga wa pwani ni mgumu kuliko klia, na punje yoyote utakayoiacha ndiyo utakayoiburuza. Kisha glovu ya maikrofaiba inaingia kwenye shampuu, inaosha sehemu moja tu, tuseme nusu ya paa, halafu inakwenda kusuuzwa kwenye maji matupu kabla ya kurudi kwenye shampuu. Paa, vioo, boneti, buti, milango nusu ya juu. Bampa na chini ya milango mwisho kabisa. Rimu zina kitambaa chake na ndoo yake, maana vumbi la breki ni vipande vya chuma. Ukimaliza chungulia chini ya ile ndoo ya kusuuzia. Mchanga utakaouona umetulia pale ungekuwa umezungushwa juu ya boneti.

Dodoki nimeliacha liwe la bafuni. Hata sponji ya kawaida siitaki, kwa kuwa uso wake ni bapa na punje ikinasa hapo haina pa kwenda. Glovu yenye manyoya marefu inaimeza punje ndani.

Sasa maji, na hapa ndipo wengi wa huku kwetu tunapopata shida. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa ukanda wa pwani, vina maji ya chumvi au magumu. Gari likikaukia maji hayo linabaki na madoa meupe. Chumvi ya kawaida haisumbui, unaipitishia maji safi inayeyuka. Kinachong'ang'ania ni chokaa. Na wauzaji wa nta hawakuambii kwamba nta inaongeza haja ya kukausha. Wanakuonyesha matone yaliyosimama kama ndiyo uzuri wenyewe, na kweli yanapendeza, lakini kila tone likikauka juani linaacha chokaa yake yote mahali pamoja. Gari lenye nta lililooshwa kwa maji ya kisima likaachwa lijikaushe linaweza kuwa na madoa mabaya kuliko lisilo na nta.

Suluhisho langu ni rahisi. Kisima kinatumika kwa kuondoa mchanga na kuosha. Suuzo la mwisho ni maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua niliyokinga, ndoo moja inatosha ukimwaga taratibu kuanzia paani yateremke kama shuka. Papo hapo natandaza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya bodi na kulivuta bila kukandamiza. Yote haya kabla jua halijapanda, au jioni bodi ikiwa imepoa. Doa la chokaa likishajishika, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hulilegeza. Unaiacha kidogo, unasuuza vizuri, na unajua kwamba nta ya hapo nayo imedhoofika.

Tuje kwenye nta yenyewe. Shemeji aliniletea kutoka Dubai, chupa ya mililita 473. Jina lake kamili ni Insulator Wax, kwa sababu ilianzia kwenye vikombe vya kauri vinavyoshika nyaya za umeme, kuvikinga na uchafu na unyevu. Kwangu hilo lina maana kuliko maneno yote ya kung'ara: kitu kilichobuniwa kukaa juu ya nguzo, nje, mvua na jua, ndicho ninachokitaka kwenye gari lisilo na banda. Ndani yake kuna karnauba, nta inayotoka kwenye majani ya jamii ya mchikichi inayoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Karnauba huyeyuka ikifika nyuzi joto 82 hivi, wakati nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64, na ukishaweka kiganja kwenye boneti nyeusi saa nane mchana unaelewa kwa nini tofauti hiyo ni muhimu.

Katika nchi za baridi watu huilalamikia kwamba inaganda chupani mpaka uilowese kwenye maji ya moto. Dar hakuna shida hiyo, ni maji maji mwaka mzima, unaitikisa tu. Unapaka kidogo sana, tone la ukubwa wa sarafu kwa nusu ya boneti, kwa sponji laini, mpaka ibaki ukungu ambao karibu huuoni. Ukipaka nene unapata kazi ya kufuta, hupati ulinzi zaidi. Kwa joto letu inakauka upesi, kwa hiyo napaka sehemu moja, nafuta, ndipo naenda nyingine. Kujua kama imekauka, pitisha kidole: pakibaki safi bila kuvutika, futa. Plastiki nyeusi za pembeni nazibandikia tepu ya karatasi kwanza, kwa sababu nta ya aina hii ikizigusa huacha weupe. Na kabla ya yote pitisha mkono ukiwa umeuvika mfuko wa plastiki juu ya bodi iliyooshwa. Ukihisi vijipunje, kuna uchafu ulioganda, na huo unatolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi pamoja na maji ya shampuu. Nta ikipakwa juu ya uchafu inaufungia humo humo.

Matokeo? Weusi unapata kina, sio ule mng'ao wa kioo wa mashine, ni weusi uliokolea. Ila ninachokifurahia zaidi ni kwamba vumbi linaondoka kwa maji ya mpira peke yake, kwa hiyo glovu inabaki na kazi ndogo, na mikwaruzo mipya sijaiona.

Kunguru wanahitaji neno lao. Kinyesi chao kina tindikali na mchanga ndani yake, na jua likiwaka rangi inalegea kisha inajikaza ikipoa, doa linabaki limechorwa. Nta inakununulia saa kadhaa, haikununulii siku mbili. Naweka karatasi laini iliyolowa maji juu yake, nasubiri kilegee, nakinyanyua. Kusugua ni marufuku kwangu, hata kama nimechelewa kazini.

Watu wananiuliza kuhusu seramiki, ile kinga ya maji maji inayopakwa juu ya rangi ikaganda ngumu. Ni kinga nzuri na inadumu kuliko nta yoyote, lakini inataka bodi iliyosawazishwa kwa polishi, sehemu isiyo na vumbi na fundi unayemwamini, na bado utalazimika kuosha kwa ndoo mbili. Kwa gari linalolala chini ya kunguru na mimi mwenyewe nikiwa na Jumamosi yangu, nta inanitosha.

Juu ya milango na buti inadumu miezi mitatu hadi minne kwangu, boneti na paa napaka upya mapema kuliko hapo kwa sababu ndivyo vinavyopigwa na jua. Matone yakianza kutanda badala ya kusimama, muda umefika. Chupa sijaitumia hata nusu. Ukiipata kwa bei isiyozidi kuoshewa gari mara tano au sita, chukua, na taulo nunua mawili, moja la kufutia nta tu. Usiyafue na dawa ya kulainisha nguo. Yanapoteza uwezo wa kunyonya maji.