Kalenda ya kuchangia dawa za punda: kurasa 12 au karatasi moja?

Kwa hapa Lamu mi naona ya kurasa 12 ndo tamu, manake kila mwezi una picha yake, mlango wa nakshi, jahazi Shela, punda na mzigo wa matofali kwenye uchochoro, na mtu akigeuza ukurasa anakumbuka tena mchango wake ulienda wapi. Wageni wataipenda pia, mji wetu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Shida yake picha ni 13 ukihesabu na ya juu, lazima zote ziwe kali, alafu printa inaanza mapema ndo maboksi yafike Mokowe yavushwe kwa boti kabla Disemba haijaisha, kwa sababu kalenda ya Januari ukiiuza Februari hainunuliki.

Karatasi moja ni rahisi, picha moja kubwa, miezi yote chini, hata mwenye duka dogo anachukua tatu. Ila haina nafasi ya kuandika, na mamangu kalenda yake imejaa kalamu, siku gesi ilinunuliwa, siku ya kliniki, yote.

Yoyote tutakayochagua tarehe za Kiislamu ziwemo jamani, mwaka wa Hijria unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na watu wanataka kuiona Mfungo Sita waipange Maulidi.

Mi kura yangu kurasa 12, ila oda za kulipia kwanza zikusanywe kwa M-Pesa ndo tuchapishe idadi hiyo na chache za ziada.