Kabla hujalipia bachela pati ya ufukweni, uliza maji yatakuwa wapi

Mdogo wangu wa kiume alioa mwaka jana, na mfuko wa bachela pati yake nikakabidhiwa mimi, maana rafiki zake wakishika hela ya watu inaota mabawa. Nikalipia kifurushi cha vijana kumi na sita kwenye ufukwe mmoja wa kukodi, kaskazini mwa Dar: jeti-ski mbili, mpira wa wavu, mbuzi mzima, muziki, saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kwenye picha za muuzaji, bahari ilikuwa inalamba miguu ya viti.

Tulifika saa nne na nusu. Bahari haikuwepo.

Sisemi ilikuwa chafu au ina mawimbi. Haikuwepo. Palikuwa na uwanja wa mchanga na mwani, kina mama wameinama wanaokota chaza, na huko mbali kabisa mstari mweupe. Jeti-ski zetu zimelala ubavu kama nguru wa jana. Bwana harusi mtarajiwa, ndani ya kaptula ya maua aliyonunuliwa na kamati, aliyafuata maji mpaka tukamwona mdogo kama kidole, na bado hayajamfika magotini. Pembeni mzee mmoja alikuwa anashona nyavu. Nikamwamkia. "Marahaba, binti yangu. Leo bamvua. Nani kawapangia?"

Aliyetupangia nilimfuata na risiti mkononi. Akanijibu, "Dada, bahari si yangu."

Maji yalipotufika kiunoni ilikuwa saa tisa, nusu ya vijana wameshiba mbuzi na wamelala chali. Saa kumi tukatolewa, kuna shughuli nyingine inaingia.

Kwa hiyo kwenye mwongozo huu usiniulize spika, mapambo wala viungo vya mbuzi. Hayo kila muuzaji atakuimbia. Mimi napanga kwa kitu kimoja tu ambacho hakuna anayekitaja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na wavuvi wanaijua usingizini. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua: yanajaa sana, yanakupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayaendi mbali. Sasa shika hili: kwa Dar na Unguja, siku za bamvua maji hukauka kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja jioni. Yaani muda ule ule ambao vifurushi vyote vinaanza! Siku za maji mafu mambo hugeuka, asubuhi yanakuwa yamejaa. Kama huna jedwali la maji, tazama kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Tarehe 1 na 15, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Nimekaa mjini hapa miaka yote hii na kalenda hiyo iko ukutani kwa muuza duka wangu.

Namba moja ni kisiwa cha Mbudya, na sifichi upendeleo wangu, nimeshaenda mara nyingi mno. Ufukwe wake mzuri uko upande wa magharibi, unatazama bara, na maji yakipwa bado unabaki na pa kuogelea. Boti zinatokea upande wa Kunduchi. Kuna vibanda vya makuti, kuna samaki na chipsi, ila agiza mara tu mnaposhuka, kabla hamjaingia majini, la sivyo mtakula magharibi. Kisiwa ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio, na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni. Kila kijana aje na kitambulisho. Hata hapa bamvua inakufuata, lakini kwenye kupanda boti: maji yakiwa yamekimbia, boti inasimama mbali na deli la vinywaji linakwenda kichwani mwa msimamizi. Miezi ya kusi pepo ni kali, hivyo hesabu maboya ya kuvaa kabla hamjaondoka. Kumi na sita ni kumi na sita.

Bongoyo, boti kutoka Slipway, ni ndugu yake. Nayo unaogelea saa yoyote. Sina neno nayo, ila moyo wangu uko Mbudya.

Namba mbili, kwa kamati yenye mfuko mzito, ni fungu la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe. Hapa hesabu inapinduka. Fungu hili ni mchanga unaoibuka maji yakipwa na kumezwa yakijaa, kwa hiyo Jumamosi ya bamvua iliyoniua mimi, huko ndiyo Jumamosi yenyewe. Mfike asubuhi, mle pweza na kamba, muondoke kabla hamjasimama kwenye sahani ya mchanga. Kivuli hakuna zaidi ya mahema mnayofungiwa, na mkirudi mjini vaeni shati, ule ni mji wa watu. Mkiamua kulala Unguja, kaeni Nungwi au Kendwa, maji hayawakimbii. Paje ni kuzuri sana kwa macho, lakini msije mkanililia saa tano asubuhi.

Namba tatu haina bahari kabisa: treni ya umeme mpaka Morogoro, kisha kupanda Uluguru hadi Morningside, kwenye lile jumba la enzi za Wajerumani. Nauli inajulikana, mlima hauhami. Ila msipande siku ya pili baada ya kunywa.

Coco Beach: bure, mihogo mitamu, miamba tele, ogelea maji yakijaa tu. Basi.

Sasa nyie wauzaji wa vifurushi. "Bei njoo inbox" ya nini? Nikija inbox unaniuliza kwanza sherehe ya nani na tuko wangapi, ndipo bei inazaliwa. Ukisikia neno harusi inazaa mapacha. Halafu "kila kitu kimo" inaniletea siku yenyewe hela ya viti, hela ya kuingia na vinywaji vyetu, hela ya mlinzi wa viatu. Mlinzi wa viatu! Jedwali la maji lipo, linapatikana, na wewe ufukwe ni kazi yako. Ungeniandikia tu, "Dada, tarehe hiyo anzeni saa saba."

Nilidai nusu ya hela ya jeti-ski. Wiki mbili hakujibu, kisha akaniandikia kwamba nitapewa punguzo nikimpeleka kapera mwingine. Ninaye mdogo mwingine wa kiume. Ana miaka kumi na mmoja.