Blokicheni na sangara: wenye matumaini na wenye shaka

Wenye matumaini wanasema sangara akipimwa mwaloni Ukerewe na kilo zake zikaingizwa kwenye blokicheni, yaani daftari la pamoja lisilofutika kirahisi, hakuna dalali atakayezipunguza kimyakimya kabla minofu haijafika Ulaya. Naliamini hilo, na mvuvi anayepunjwa analihitaji sana.

Wenye shaka wanauliza: mzani anaushika nani? Uzito wa uongo ukishaandikwa, daftari litautunza vilevile. Tena kulikuwa na TradeLens, huduma ya blokicheni ya kampuni ya meli Maersk na kampuni ya kompyuta IBM, iliyofuatilia makontena ya meli. Ilifungwa 2023 kwa kukosa ushirikiano wa kutosha katika sekta nzima.

Kwa sasa niko na wenye shaka. Kwanza tupate mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mvuvi aisome mwenyewe.