Fundi wa Langoni na Kompyuta Iliyokuwa Ikiamka bila Mtandao

Kwa muda wa miezi minne kompyuta yangu ya mpakato ilikuwa ikiamka bila mtandao. Nilikuwa nikiifunga ili nikaswali Adhuhuri, na nikirudi kuifungua huikuta kazi yangu pale pale nilipoiacha, lakini Wi-Fi imetoweka, wala hairudi mpaka niianzishe upya mashine nzima. Kwa mtu anayepokea maombi ya wageni wa nyumba ya kulala hapa Lamu, ambao wakicheleweshewa jibu hutafuta chumba kwingine, hilo si jambo dogo.

Fundi wa kwanza, katika mji mwingine, alizilaumu kuta za nyumba yetu akaniuzia ruta mpya. Ni kweli kwamba kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale hudhoofisha mawimbi ya Wi-Fi, lakini ukuta haungoji kompyuta ilale ndipo uzuie mtandao.

Karakana ninayoisifu hapa ni chumba kimoja tu katika mtaa wa Langoni. Fundi wake hakushika bisibisi. Aliniuliza kwanza: “Dada, mtandao hukatika ukiwa kazini, au ni baada ya kompyuta kulala tu?” Nilipomjibu, aliandika amri ya powercfg /a, ambayo huorodhesha aina za usingizi ambazo mashine inaziweza, akanieleza kwa utulivu kwamba katika usingizi wa kawaida kumbukumbu pekee ndiyo huendelea kupewa umeme wa kutosha kuhifadhi kazi, huku adapta ya mtandao, yaani kifaa cha ndani kinachopokea Wi-Fi, ikipunguziwa au kukatiwa umeme. Kompyuta ikiamka, ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, inayopaswa kuiamsha adapta hiyo. Draiva ikiwa na kasoro, adapta huonekana kwenye orodha ya vifaa ilhali haisikii mtandao wowote.

Alinifumbulia pia jambo lililokuwa likinitatiza siku zote, yaani kwa nini kuizima kompyuta na kuiwasha hakukusaidia ilhali kuianzisha upya kulisaidia. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna mpango wa kuwaka haraka ambao, unapozima, huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirejesha baadaye pamoja na hali ya draiva zake, hivyo kasoro inaweza kurudi nayo. Kuanzisha upya hupakia kila kitu kutoka mwanzo.

Aliondoa kwanza alama kwenye sehemu inayoiruhusu kompyuta kuizima adapta ili kuokoa umeme. Hali ikawa nafuu, lakini haikupona. Hapo ndipo alipoiondoa draiva ya jumla iliyokuwa imeletwa na Windows yenyewe, akaiunganisha simu yake kwa waya ili apate intaneti, na kupakua draiva ya modeli yangu hasa kutoka tovuti ya mtengenezaji. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba hakunirudishia kompyuta papo hapo. Aliilaza na kuiamsha mara nyingi, kisha akaiacha ilale usiku kucha, kwa sababu, alivyosema, usingizi wa dakika mbili hauthibitishi kitu. Alinitoza shilingi 1,500.

Nina malalamiko mawili. Karakana hufunguliwa baada ya Alasiri tu, na kazi hii ilichukua siku tatu ambazo nililazimika kuwajibu wageni kwa simu. Pili, hakuniandikia popote alichobadilisha, nami naamini kila mteja anastahili karatasi yenye toleo la draiva iliyowekwa. Nililiona pengo hilo mwezi uliopita, Windows ilipojisasisha na kurudisha draiva ile ile mbovu. Nilimpigia simu nikiwa Mokowe nangoja boti, akaniongoza hatua kwa hatua hadi nikairejesha draiva aliyokuwa ameiweka yeye, wala hakudai malipo. Tangu siku hiyo naifunga kompyuta na kuifungua, na maombi ya wageni nayakuta yamekwisha kuingia.