Darubini ya milimita 70 kutoka Kariakoo, miezi saba ya kuitumia hapa Tanga

Watu wameniuliza sana kuhusu hii darubini, hasa wale walioiona usiku ule mwezi ulipopatwa, kila mtu bei gani, umeitoa wapi, inaona mpaka wapi, sasa bora niandike yote mara moja, toka nimeinunua mwezi wa 8 mwaka jana (2025) mpaka leo, ili anaetaka kununua ajue anachokwenda kulipia.

Ni darubini ya lenzi, lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 70 na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi ya mbele mpaka pale mwanga unapokutana) ni milimita 700. Ndani ya boksi kuna lenzi tatu ndogo za kutazamia, ya milimita 20, ya 12.5 na ya 4, kuna moja ya kuzidisha mara 3, kidarubini kidogo cha kulengea, na stendi ya alumini ya miguu mitatu. Nililipa laki mbili na themanini Kariakoo, ikaja na basi mpaka hapa. Jina la kwenye boksi silitaji kwasababu nimeona boksi kama hili linauzwa kwa majina tofauti tofauti na kilichomo ndani ni kile kile.

Kubwa kwenye boksi limeandikwa inakuza mara 525. Hii hesabu naomba muishike kabla hamjatoa hela, ukuzaji unaupata kwa kugawa urefu wa fokasi ya darubini kwa namba ya lenzi ndogo, yaani 700 gawa kwa 20 ni mara 35, gawa kwa 12.5 ni mara 56, gawa kwa 4 ni mara 175, ukichomeka na ile ya kuzidisha mara 3 ndo wanapata 525 yao. Ila lenzi ya mbele inakusanya mwanga kwa kadri ya upana wake, na mwisho wa ukuzaji wenye faida ni kama mara mbili ya milimita za kipenyo, kwahiyo kwa 70 ni mara 140 basi, ukipita hapo unakuza ukungu. Nilijaribu 525 kwenye mwezi, nikaona kitu cha kijivu kinacheza cheza kama kiko chini ya maji. Lenzi ya milimita 4 na ile ya kuzidisha zimerudi kwenye boksi na sijazitoa tena. Mara 35 na mara 56 ndo darubini yenyewe, na kwa hizo mbili nimeridhika kabisa.

Sasa tarehe 7 mwezi wa 9, jumapili, mwezi ukapatwa mzima. Niliipakia kwenye baiskeli kutoka Makorora mpaka Raskazone kwasababu nyumbani taa ya barabarani inanipiga usoni. Kivuli cha dunia kilianza kuula mwezi kama saa 1 na nusu hivi, saa 2 na nusu ukawa umeingia wote, ukakaa humo dakika 82, mpaka saa 4 kasoro dakika nane. Kwa mara 35 mwezi wote unaenea ndani na nafasi inabaki. Rangi yake ilikuwa ya tofali la kuchoma, upande mmoja umekolea upande mwingine una weupe kidogo, na kitu ambacho macho matupu hayakupi ni zile nyota ndogo ndogo zinazotokea ubavuni mwa mwezi, siku zote mwanga wake unazifunika. Watoto walipanga foleni, wakaja wazee waliotoka kuswali swala ya kupatwa, mzee mmoja akatazama muda mrefu akanyanyuka akasema "Subhanallah" tu akakaa pembeni akawa anautazama kwa macho yake. Kwa usiku ule peke yake laki mbili na themanini siijutii.

Tatizo likaja kwenye Zohali (Saturn), ile sayari yenye pete, na hapa naomba mnisome taratibu kwasababu ndo sababu kubwa ya kuandika.

Sisi Tanga tuko nyuzi 5 tu kusini ya Ikweta. Sayari kwetu hazipiti kule pembeni juu ya mapaa ya nyumba, zinapita juu. Mwezi wa 9 na wa 10 mwaka jana Zohali ikifika katikati ya mbingu ilikuwa karibu kabisa na utosi, unainua shingo mpaka unahisi unaanguka nyuma. Na hapo ndo sayari inaonekana vizuri zaidi maana unaitazama kupitia hewa chache, haina mvuke wa baharini wala moshi. Sasa stendi hii ukiielekeza juu kabisa, kitako cha bomba kinagonga miguu ya stendi, na kile kifimbo cha kuongozea kinakwama kwenye skrubu. Imegota. Haiendi. Halafu kile kioo cha pembeni cha kupindisha mwanga ni cha nyuzi 45, kwahiyo bomba likisimama wima wewe inabidi upige magoti kwenye mchanga uingize kichwa chini yake. Mtu wa London Zohali hiyo hiyo anaiona ikiwa chini zaidi, kama theluthi na kidogo ya njia kutoka upeo wa macho kwenda utosini, kwake stendi hii inatosha tu. Mtengenezaji hakutufikiria watu wa huku, na hili muuzaji hakuambii kwasababu yeye anaielekeza ukutani.

Juu ya hapo stendi inatetemeka. Upepo wa bahari kidogo tu, ukigusa kigurudumu cha kufokasi sayari inaruka ruka sekunde tatu nne ndo inatulia. Nimening'iniza dumu la maji la lita 5 katikati ya miguu, imesaidia kiasi. Dawa yenyewe nimeipata kwa fundi seremala wa Ngamiani, nilimchorea kwenye karatasi nikamwambia nataka mguu mmoja mzito wa mbao unaofika kifuani, juu uwe na mkono unaotokeza pembeni, bomba likae nje ya mguu lisigonge kitu likisimama wima. Elfu 45 na siku nne. Kioo cha nyuzi 90 nikaagiza Dar. Kuanzia siku hiyo imekuwa darubini nyingine.

Na Zohali nikaiona! Ila pete sikuziona kama kwenye picha, niliona kitufe cha rangi ya siagi na mstari mwembamba umepita katikati kama njiti iliyochomekwa kwenye chungwa la Muheza. Kwanza nikadhani lenzi ni mbovu. Lenzi haina kosa, pete zimelala ubavu, tarehe 23 mwezi wa 3 2025 dunia ilipita sawasawa na ubapa wa pete na mwaka wote ule zilikuwa nyembamba, inatokea kila baada ya miaka kama 15 hivi. Galileo mwenyewe, yule mwanasayansi wa Italia, 1612 alizitafuta akakuta zimepotea akachanganyikiwa, na miaka miwili nyuma alikuwa ameona vitu viwili ubavuni mwa Zohali asijue kwamba ni pete. Kwahiyo ukinunua sasa na ukaona pete nyembamba usiirudishe dukani, zinafunguka taratibu mwaka hadi mwaka. Pembeni ya Zohali kuna nukta moja imejitenga, ile ni Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, na mimi nikiitazama ile nukta nakumbuka kwamba tarehe 14 mwezi wa 1 2005 chombo cha Huygens kilishuka kwa parachuti kikatua pale juu kikapiga picha mawe ya barafu, na NASA wanaandaa Dragonfly, helikopta ya kuruka huko huko, wamepanga kuirusha 2028. Kusoma habari hizi kwenye simu ni kitu kimoja, kusoma halafu ukatoka nje ukaiona sehemu yenyewe inang'aa kwenye lenzi ni kitu kingine kabisa.

Mshtarii (Jupiter) ndo nimeipenda zaidi ya zote. Mwezi wa kwanza mwaka huu (2026) ilikuwa inang'aa sana, tarehe 10 ilikuwa upande wa pili wa dunia kutoka kwenye jua, usiku kucha ipo. Kwa mara 56 unaona sayari duara na mikanda miwili ya kahawia, na miezi yake minne imepangana mstari mmoja. Nina daftari la kaunta nachora kila usiku, duara katikati na nukta nne. Jumatatu mbili kushoto mbili kulia, kesho yake tatu upande mmoja na moja haipo imejificha nyuma, siku ya tatu imerudi. Io, mmoja wa miezi hiyo minne, inazunguka kwa siku moja na masaa 18 na nusu kwahiyo hata ndani ya usiku mmoja ukichora saa 2 na ukachora tena saa 6 unaona imesogea. Ganymede, mwingine, inachukua wiki moja na masaa machache. Galileo alianza kuziandika tarehe 7 mwezi wa 1 1610, na mimi nipo Makorora nina karatasi ya aina ile ile na nukta zile zile. Kati ya hizo nukta kuna Europa, ambayo chombo cha Europa Clipper kipo njiani kuifuata toka mwezi wa 10 2024 na kitafika 2030 kuchunguza bahari iliyo chini ya barafu yake. Kila nikichora nukta ya Europa natia duara.

Bibi yangu alitaka kuona Kilimia tu, lile kundi la nyota zilizokaa pamoja, hayo mengine hakuyajali. Yeye ndo amenifundisha "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua", wao walikuwa wanalima kwa kukiangalia. Kwa macho anahesabu nyota sita. Kwa mara 35 Kilimia hakienei chote ndani, ila akaona nyota zimejaa humo akaacha kuhesabu, akaniuliza hizi zote zilikuwepo toka zamani? Nikamwambia ndio bibi, zilikuwepo.

Mengine haraka haraka. Kidarubini cha kulengea ni kibovu, kirekebishe mchana kwa kulenga mnara wa simu wa mbali, usiku hutaweza. Kitu kinatoka kwenye lenzi ndani ya dakika tatu kwasababu dunia inazunguka, kwahiyo ukiwa na foleni ya watoto lazima ulenge upya kila baada ya watu wawili. Unyevu wa huku unaotesha kuvu kwenye lenzi, mimi nahifadhi zile lenzi ndogo kwenye kontena la plastiki la chakula pamoja na vile vifuko vinavyokuja kwenye viatu vipya, na bomba nalifunika likiwa limekauka kabisa.

Na hili ni la hatari. Ndani ya boksi kuna kioo kidogo cheusi cha kutazamia jua, kinafungwa kwenye lenzi ya jichoni, pale pale moto wote wa jua unapokusanyika. Kikipasuka kwa joto jicho limeondoka na halirudi. Mimi nilikiponda kwa nyundo siku ya pili. Jua linatazamwa kwa chujio maalum linalofunika mbele ya darubini, sio nyuma. Mwaka 2016 jua lilipopatwa kule Rujewa watu wengi walipata hamu ya kuliangalia, na siku nyingine ikija hamu itakuwa ile ile, tafadhali wazazi kitoeni hicho kioo kabla mtoto hajakiona.

Kwahiyo lenzi naipa nyota 4 kati ya 5, stendi naipa 1. Kama una laki tatu na nusu jumla, na fundi seremala wa karibu, nunua. Kama una hiyo laki mbili na themanini tu na huna mpango wa stendi, subiri uongeze, au anza na darubini ya macho mawili kwa bei ndogo, mwezi na Kilimia utaviona vizuri tu. Na ukiwa dukani kabla hujalipa mwambie muuzaji aifunge yote kwenye stendi yake aielekeze juu kwenye feni, wima kabisa. Ikigota kwenye miguu, ujue na kwenye Zohali itagota hivo hivo.